Edamame ni Soya, Acheni Kuringa

Wacha niseme halafu mnitukane kwa komenti: edamame ni soya. Si mmea mwingine. Ni soya iliyovunwa ikiwa bado kijani, ikachemshwa na maganda yake, ikanyunyiziwa chumvi. Basi. Wajapani wanaitafuna na bia vile sisi tunatafuna njugu.

Mwaka jana nililipa shilingi 650 kwa kibakuli kimoja huko Westlands, nikapiga picha, nikaposti. Kukhu wangu kule Butere akaiona kwa simu ya binamu yangu. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, Nairobi mmekosa chakula mpaka mnakula soya haijakomaa?"

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Huyu mama amepanda soya maisha yake yote. Kila likizo alinipikia kinywaji cha soya iliyokaangwa na kusagwa, na mimi nilikuwa nakimwaga nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo shida yetu, wasee. Chakula kikitoka ushago ni cha umaskini. Kikirudi kimegandishwa kwa pakiti yenye jina la kigeni, ghafla ni cha watu wa maana. Tunalipia jina.

Utaniambia kuna aina maalum za edamame, punje kubwa na tamu zaidi. Ni kweli. Lakini soya husikia urefu wa siku. Mbegu iliyozoea mchana mrefu wa kiangazi cha mbali, ukiileta hapa ikweta penye mchana wa saa 12, inaweza kutoa maua mapema ikiwa bado fupi, na mavuno yawe kidogo. Kwa hivyo anayekuuzia mbegu "za Japani" kwa bei ya viatu, muulize kwanza amezijaribu wapi.

Mimi nilitumia za kukhu. Ndoo nne za rangi za lita 20, nikazitoboa chini, nikajaza udongo na samadi iliyooza vizuri. Mbegu tatu kila ndoo, kina cha sentimita 3, kwa balkoni penye jua. Baada ya miezi mitatu hivi, maganda yalikuwa yamejaa na bado kijani. Hapo usilale: ukichelewa siku chache yanageuka manjano na punje zinakuwa ngumu. Chemsha dakika tano au zaidi kidogo, tia chumvi. Usile mbichi, na ganda usimeze.

Nilipata mabakuli matatu. Matatu tu, sitawadanganya. Na nyinyi mnaoandika ati edamame itatutoa kwa umaskini, mlisahau kware? Miaka ya 2013 na 2014 kila mtu alikuwa anafuga, mayai yakawa kama dhahabu. Halafu wote wakawa wauzaji, mnunuzi akakosekana. Sikuambii utajirike. Nakuambia ule.

Bakuli la tatu nilichemsha Butere, mbele ya kukhu. Alitafuna polepole, akasema, "Si mbaya. Lakini mngeniuliza mimi kabla ya kulipa 650."

Mbegu zangu zilitoka kwa gunia lake, bure. Zako pengine ziko kwa gunia la mtu wenu. Mpigie simu leo, umwombe za msimu uliopita, maana soya ya zamani haioti vizuri. Na ukiwa kwa simu, muulize ni nini kingine alikupikia ukamwaga.