Kukata Sauti si Kuifuta

Juma hili nataka tuzungumze habari za sauti. Siku hizi simu ya mkononi inaweza kunasa sauti, na wengi wenu mmekwisha kunasa masimulizi ya babu, nyimbo za kwaya, au hotuba ya arusi. Tena wako vijana wanaozichukua sauti hizo wakazitia katika kompyuta, kusudi wazikate na kuzisafisha. Ni kazi njema. Lakini yafaa mtu akijue vizuri chombo anachokitumia, maana chombo hicho kimebadilika sana tangu mwaka 2021. Mabadiliko hayo yana faida kubwa, na yana hatari moja ambayo watu wengi hawaioni.

Chombo ninachokisema ni programu iitwayo Audacity. Ilianzishwa mwaka 1999 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mji wa Pittsburgh, Marekani. Watu wote walianza kuipata mwaka 2000. Hainunuliwi. Mtu huichukua bure, akaitia katika kompyuta yake, na hata akimpa jirani yake hatendi kosa. Kwa sababu hiyo imeenea duniani kote, kwa wanafunzi, watangazaji, wanamuziki na watu wa kawaida. Ukikuta mtu anakutoza fedha ili akuuzie Audacity, jihadhari naye.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Unaifungulia sauti, nayo inaionyesha katika kioo cha kompyuta kama mstari wa mawimbi. Mahali mtu aliposema kwa nguvu, mawimbi ni marefu. Aliponyamaza, mstari umelala. Hivyo unaona kwa macho pale alipokohoa, au pale jogoo alipowika katikati ya maneno, nawe unapakata. Lakini kumbuka kwamba simu nyingi huandika sauti kwa namna iitwayo M4A. Katika matoleo ya 3 ya programu hii, kompyuta ya Windows huhitaji kwanza kuongezewa msaidizi aitwaye FFmpeg ndipo iweze kuifungua sauti ya namna hiyo. Usidhani sauti yako imeharibika. Imekosa mkalimani tu.

Basi, zamani hali ilikuwaje? Zamani kukata kulikuwa ni kukata kwa kisu. Ulichagua kipande, ukakiondoa, kikaondoka. Ilikuwapo amri ya kurudisha nyuma, lakini ilifaa wakati ule tu ambao kazi bado imefunguliwa. Ukiisha kuhifadhi na kufunga, hapakuwa na kurudi. Mtu aliyekata neno moja zaidi, akaja kuligundua kesho yake, alikuwa amekwisha kulipoteza, isipokuwa kama aliweka nakala ya kwanza mahali pengine.

Tena ilikuwapo taabu ya pili. Kazi moja haikukaa katika faili moja. Lilikuwapo faili dogo lenye jina la kazi, na kando yake folda iliyojaa vipande vidogo vidogo vingi vya sauti. Asiyejua alinakili lile faili dogo tu katika flashi, akaenda zake akifurahi. Alipofika na kulifungua, kumbe amebeba sanduku tupu! Sauti yenyewe imebaki kule alikotoka, na pengine kompyuta ile imekwisha kusafishwa.

Taabu hiyo iliondolewa mwezi wa Machi 2021, lilipotoka toleo la 3.0. Tangu hapo kazi nzima hukaa katika faili moja, ambalo jina lake huishia na aup3. Ukilibeba hilo umebeba yote. Kazi za zamani bado zilifunguka katika toleo hilo, zikahifadhiwa upya kwa namna mpya, na zile za kwanza zikabaki kama zilivyokuwa. Lakini njia hiyo haina kurudi: faili la namna mpya halifunguki katika programu ya zamani. Basi, kama wewe na mwenzako mnasaidiana kazi moja, kwanza ulizaneni kila mmoja ana toleo gani.

Tena jueni kwamba faili hilo ni zito. Sauti ya mstari mmoja, kwa kipimo cha kawaida cha programu hii, hula kama megabaiti 10 kwa kila dakika moja. Masimulizi ya saa nzima yatakula zaidi ya megabaiti 600. Kabla hujaanza, tazama kama nafasi ipo, maana kazi iliyokatika katikati kwa kukosa nafasi huleta machozi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mwezi wa Oktoba 2021 lilitoka toleo la 3.1, nalo likabadili maana ya kukata. Ili niwaeleze vizuri, mfikirieni fundi cherehani. Mama amempelekea nguo ya shule ya mtoto, nayo ni ndefu. Fundi mwenye akili haikati. Huikunja chini akaishona upindo. Mtoto huivaa ikamkaa sawasawa, na mwakani akirefuka, fundi hufumua upindo ule na nguo ikashuka. Kitambaa kilikuwapo siku zote, ila hakikuonekana.

Ndivyo programu hii inavyofanya tangu toleo hilo. Ukishika ukingo wa kipande cha sauti na kuusukuma ndani, ile sehemu ya mwisho huondoka machoni na masikioni. Ukiipiga sauti, huisikii tena. Lakini haikufutwa, imekunjwa. Hata ukihifadhi kazi, ukaifunga, ukaifungua baada ya mwezi, unaweza kuushika ukingo ule ule na kuuvuta nje, na maneno yote yakarudi kama yalivyosemwa. Ni msaada mkubwa kwa mtu anayejifunza, maana haogopi tena kujaribu.

Mwezi wa Septemba 2022 lilifuata toleo la 3.2, nalo lilitia upindo wa namna nyingine. Zamani, ukitaka kuongeza mwangwi au kupunguza besi, programu iliigeuza sauti yenyewe. Tangu hapo madoido mengi ya namna hiyo huwekwa juu ya sauti kama miwani juu ya macho. Unayabadili huku sauti inapigwa, unasikia hapo hapo, na usipopendezwa unayaondoa. Sauti ya chini haikuguswa. Mwezi wa Julai 2024, toleo la 3.6 liliongeza kwa namna hiyo hiyo vifaa vipya vya kusawazisha ukubwa wa sauti. Vyafaa sana pale mzee anaposema polepole kama ananong'ona, kisha akaangua kicheko cha kupasua masikio.

Lakini si kila kitu kimekuwa miwani. Dawa ya kuondoa mvumo wa upepo au wa jenereta, katika matoleo hayo, imebaki kwa desturi ya zamani: unachagua sekunde chache zenye mvumo mtupu, unaifundisha programu, kisha unasafisha sauti yote, nayo inageuka kweli. Ukizidisha dawa hiyo, mtu husikika kama anasemea ndani ya debe. Afadhali mvumo kidogo na sauti ya mtu, kuliko kimya safi na sauti ya debe.

Nilisema iko hatari moja. Wengi mmekwisha kuihisi. Upindo huficha, haufuti.

Tuseme bibi yenu amekubali kusimulia habari za ukoo. Amesimulia vizuri, lakini katikati, kwa kuwa amezoea na moyo umefunguka, ametaja ugomvi wa shamba wa miaka mingi iliyopita, akamtaja mtu kwa jina, na kusema jambo ambalo asingelisema mbele za watu. Baadaye anakuambia, "Mjukuu wangu, yale ya shamba yaondoe." Nawe mtiifu unashika ukingo, unasukuma, maneno yanapotea. Unamsikilizisha, anaridhika. Kisha ndugu zako wa mjini wanaomba masimulizi yale, nawe unawapelekea faili lote la kazi, lile la aup3. Mmoja wao, kijana mchezea kompyuta, anauvuta ukingo nje. Yale ya shamba yanatoka yote, kwa sauti ya bibi mwenyewe, neno kwa neno.

Hapo nani amemvunjia bibi ahadi? Si kompyuta. Kompyuta ilitunza kitambaa kama ilivyoagizwa. Aliyevunja ahadi ni yule aliyedhani kwamba kisichosikika hakipo. Na ugomvi uliokuwa umelala unaweza kuamka siku hiyo kati ya nyumba mbili zilizokuwa zikisaidiana maji na moto.

Kwa hiyo shikeni mambo haya manne.

La kwanza: sauti ya asili, ile iliyotoka katika simu, inakili mahali pawili kabla hujaanza kazi, wala usiiguse. Kama mwenye sauti ameomba neno lifutwe kabisa, hata katika sauti ya asili, basi kazi ikiisha itii amri yake na nakala hizo uzifute. Faili la kazi nalo lifute, maana lina maneno yale yale ndani yake.

La pili: usimpe mtu faili la kazi. Kazi ikiisha, iambie programu itoe nakala iliyokamilika, ya namna ya WAV kwa kutunza, au ya MP3 kwa kupeleka kwa simu. Ndani ya nakala hiyo huingia kile kinachosikika tu, upindo haumo. Hiyo ndiyo ya kuwapa watu.

La tatu: kabla ya kuipeleka, isikilize nakala hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho, wala usiitazame kwa macho tu. Neno moja lililosahaulika latosha kuleta kisa.

La nne: fikiri vema kabla ya kuiweka kazi yako kwa watu wengine. Toleo la 3.5, la Aprili 2024, lilileta njia ya kuhifadhi kazi kwa intaneti katika mitambo ya audio.com. Ni msaada kweli kama kompyuta yako ikiibiwa au ikiungua. Lakini kazi yenye siri za nyumba ya mtu haikuwa yako peke yako tangu mwanzo. Mwulize mwenyewe kwanza.

Wazee wetu hawakuwa na kompyuta, lakini walijua kwamba maneno yakisemwa hayarudi mdomoni. Vyombo hivi vipya vimetupa nguvu ya kurudisha tulichokikata, nasi tufurahi. Ila nguvu hiyo hiyo inamrudishia mtu mwingine kile ambacho mwenye sauti alitaka kipotee. Kijana anayejua kufumua upindo na ajue pia wakati wa kuuacha umeshonwa.

Basi, wapenzi, wanaseni wazee wenu wangali hai, na wasikilizisheni kazi iliyokamilika kabla hamjampa mtu mwingine yeyote. Kwa herini mpaka juma lijalo.