Mnara upo, mtandao haupo: barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano

Shangani, Mtwara

Mheshimiwa Waziri wa Mawasiliano na Teknolojia ya Habari,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili kiti chako. Uniwie radhi mapema endapo heshima hiyo itapungua kadiri barua inavyosonga. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha.

Mpwa wangu alimaliza kidato cha sita, akafaulu, akachaguliwa na chuo kikuu kusomea ualimu wa hisabati na fizikia, masomo yale yale ambayo shule zetu za vijijini zinalilia walimu wake. Wenzake wako chuoni. Yeye yuko kijijini kwa bibi yake, kando ya Mto Ruvuma, anaokota korosho. Hakunyimwa mkopo wa elimu ya juu. Kwenye kumbukumbu za mfumo wa maombi ya mkopo, hakuomba.

Aliomba, Mheshimiwa. Alijaza fomu kwa simu, kipengele kwa kipengele, akiwa amekaa chini ya mkorosho nyuma ya ofisi ya kijiji, kwa kuwa hapo ndipo mtandao unaposhika. Ada ya maombi ililipwa. Cheti chake cha kuzaliwa kilihakikiwa. Fomu niliichapisha huku mjini, nikampa dereva wa bodaboda aipeleke, ikasainiwa na kugongwa mihuri, na kurasa zenye saini akazipiga picha ili azirudishe kwenye mfumo. Hapo ndipo palipokwama, maana kurasa zile hazipandi kwa mtandao wa kupigia simu tu. Zinataka hiyo intaneti ya kasi mnayotuahidi kila bajeti. Jioni moja mtandao ulikaa sawa kwa muda, kurasa zikapanda, akabonyeza kuwasilisha. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo, na kikiwa bado kinazunguka mnara ukazimika. Haukuwaka tena mpaka dirisha la maombi lilipofungwa. Muda wote huo nilikuwa nampigia kutoka Shangani, naambiwa namba ninayopiga haipatikani. Naye aliamini ombi limekwenda. Mtandao uliporudi akafungua akaunti yake, akakuta halijawasilishwa.

Nikauliza habari ya rufaa. Nikaelezwa kwamba rufaa ni ya aliyeomba akanyimwa, au aliyepewa pungufu. Yeye hakuomba.

Huku kwetu mjomba ndiye anayeulizwa. Dada yangu ananiuliza mimi, nami nakuuliza wewe.

Mnara wa kijiji kile upo. Unaonekana ukiwa bado mbali barabarani, mwekundu na mweupe juu ya mikorosho, na chini yake kuna uzio, jenereta, betri na paneli za jua. Kampuni iliyousimamisha siitaji, kwa sababu ninayoyaona pale nasimuliwa pia na watu wa vijiji vingine na wa mitandao mingine. Mafuta ya jenereta yakiisha, mlinzi hana namna ya kutoa taarifa kwa simu, kwani mnara anaotaka kuutolea taarifa ndio unaompa mtandao. Inabidi apande pikipiki hadi mahali simu yake inaposhika, kisha asubiri fundi kutoka mjini. Kijiji kizima kinasubiri pamoja naye.

Mnara ukizima, simu za watu wa huko hazikai kimya. Zinatafuta, na zinachokipata kinatoka ng'ambo ya mto. Mtu amekaa kwenye baraza la nyumba yake, ndani ya Jamhuri ya Muungano, anapokea ujumbe wa Kireno unaomkaribisha Msumbiji. Asiyejua kuzima huduma ya kutumia mitandao ya nje (roaming) salio lake linakatwa kwa viwango vya msafiri wa nje ya nchi, naye hajatoka hata uani. Bibi yake mpwa wangu hajui Kireno, anajua tu kwamba vocha yake imeisha.

Tarehe 13 Mei 2023, Dodoma, mbele ya Rais, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini na kampuni za simu mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713, vijiji 1,407, kwa ruzuku ya Serikali ya shilingi bilioni 126. Minara mingine 304 ya zamani ikaahidiwa kuongezewa nguvu ili itoe intaneti. Nilifurahi siku ile kwa dhati, na nikawapigia simu watu wa kijijini kuwaambia. Kabla ya hapo, Ilani ya CCM ya mwaka 2020 ilikuwa imeahidi kupandisha intaneti ya kasi kutoka asilimia 45 hadi asilimia 80 ifikapo 2025. Swali langu ni hili: mnahesabu nini? Mnara ukisimama mnauongeza kwenye hesabu. Ukizimika wiki nzima, nani anauondoa? Kwa hesabu ya minara, mpwa wangu amefikiwa. Kijiji chake kina mnara, mnara una 4G, taarifa imeandikwa, na picha ya uzinduzi ipo. Na bado hakuomba mkopo.

Msinijibu kwamba maeneo ya huku ni magumu kufikika. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Mtwara mjini. Gesi ya Mnazi Bay, inayochimbwa jirani kabisa na vijiji hivi, inasafishwa Madimba na kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu 2015. Bomba hilo lilivuka mito, mabonde na mashamba ya watu, na hakuna aliyesema njia ni ngumu. Ilipotakiwa kitu kitoke Mtwara, kilitoka. Intaneti inatakiwa iende upande wa pili, makumi machache tu ya kilomita kutoka mjini hadi mdomoni mwa Ruvuma, na hapo ndipo tunapoanza kusikia habari za jiografia.

Wala msiniambie hamna uwezo wa kuharakisha. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, Serikali ilitoa taarifa siku hiyo hiyo, na kampuni zikahangaika kutafuta njia mbadala. Dar es Salaam ilikuwa imeguswa. Kijiji kikikaa gizani mpaka dirisha la mikopo linafungwa, sijaona taarifa, sijasikia pole, sijamwona ofisa hata mmoja.

Yapo mengine, nayataja kwa ufupi. Mjamzito akizidiwa usiku, familia inaambiwa ipige 115 ili apatikane wa kumsafirisha. Ipige kwa mtandao gani? Tangu msimu wa 2024/2025 korosho zinauzwa kwa mnada wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, na mkulima anayezichuma anaisikia bei yake kwa mdomo wa mtu. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokaribia, watu wa pwani hii walitakiwa kuhama ndani ya saa chache. Oktoba 2020 wavamizi walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya. Mpaka wa namna hii hauachwi bila simu.

Lakini narudi kwa mpwa wangu, kwa sababu yeye ndiye deni lililo mbele yangu. Mwaka mmoja wa masomo umekwenda. Nafasi ya chuo imepotea, na hakuna aliyemhakikishia kwamba ataipata tena. Hakufeli, hakuzembea, hakuchelewa kuanza. Mlipoamua kwamba mkopo unaombwa mtandaoni tu, mlijipa wajibu wa kuufikisha mtandao huo kwa kila anayetakiwa kuomba. Na si mkopo peke yake. Ajira za Serikali ni mtandaoni. Zabuni ni mtandaoni. Namba ya kulipia ada, faini na leseni inaombwa mtandaoni. Hata kubadili machaguo ya kidato cha tano ni mtandaoni. Serikali nzima imehamia huko, na sisi mmetuacha nchi kavu. Mtoto wa Masaki na mtoto wa Ruvuma wanapewa dirisha moja lenye tarehe moja ya mwisho, na mmoja wao peke yake ndiye aliyepewa njia ya kulifikia. Huo ni ubaguzi, na neno laini kuliko hilo sinalo.

Ninayotaka yanawezekana ndani ya mwaka huu. Wekeni hadharani orodha ya minara yote iliyojengwa kwa ruzuku, kijiji kwa kijiji, na saa ambazo kila mnara ulikuwa hewani kila mwezi. Mnara usiowaka msiuhesabu. Sehemu ya ruzuku izuiwe mpaka mnara uthibitike kufanya kazi mfululizo, masika na kiangazi, na kampuni inayouacha umezima ikatwe fedha. Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ipime ubora wa huduma vijijini, palepale chini ya ule mkorosho nyuma ya ofisi ya kijiji. Kipimo cha barabara ya lami ya mjini hakitoshi. Zungumzeni na wenzenu wa Msumbiji kuhusu mawimbi yanayovuka mto. Shule za sekondari na ofisi za kata za ukanda huu ziunganishwe na Mkongo wa Taifa, ili mtoto mwenye fomu ya kuwasilisha awe na pa kwenda mnara ukizima. Na mkae na wenzenu wa elimu mkubaliane jambo moja: mwombaji ambaye mnara wa kijiji chake ulikuwa umezima siku za mwisho aongezewe muda, kwa ushahidi wa kumbukumbu za mnara wenyewe.

Hilo la mwisho lisisubiri mwaka wa fedha mwingine. Liamuliwe na kutangazwa kabla dirisha la mikopo halijafunguliwa tena. Nasubiri jibu lako kwa maandishi.

Mjomba wa mwombaji,
Shangani, Mtwara