Mtoto asiwe mdomo wa mama

Katika vikundi vyetu si vigumu kupata mama mwenye dada, binti au wifi huko Marekani. Kwa miaka kadhaa Kongo yetu ilikuwa ya kwanza kwa hesabu ya wakimbizi waliopokelewa kule, wengine wakitokea kambi kama Nyarugusu, Tanzania. Wakipiga simu, salamu zikiisha, neno ni lile lile: Kiingereza kinatushinda.

Watoto hakiwashindi. Wanaingia shule, na baada ya muda mfupi wanakisema kama wazaliwa wa kule. Basi mtoto anakuwa mdomo wa mama: benki, dukani, hata kwa muganga. Hapo ndipo tunapoona hatari. Mtoto wa miaka 10 anawezaje kueleza habari za tumbo la uzazi la mama yake? Na shule ikimwita mama sababu ya utundu wa mtoto, mfasiri ni mtoto yule yule! «Mwalimu anasema nini?» «Anasema ninasoma vizuri.» Sisi walimu tunawajua.

Sheria ya kule iko upande wa mama. Hospitali inayopokea pesa za serikali kuu inapaswa kumpa mfasiri bila malipo, na haitakiwi kumtumia mtoto kufasiri, isipokuwa kwa hatari ya ghafla. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kushika kwa kichwa ndiyo hii: «I speak Swahili. Interpreter, please.» Inatamkwa hivi: Ai spiik Swahili, intapreta pliiz. Mama aiseme bila haya.

Lakini mfasiri hatakuwa naye kwenye basi wala kazini. Ndiyo maana tunawasifu wale wanaojiandikisha katika koleji ya jamii. Ni shule ya juu ya serikali, ya miaka 2, iliyo karibu na watu. Nyingi zina pia masomo ya Kiingereza kwa watu wazima, mara nyingi bure au kwa bei ndogo, mengine asubuhi, mengine jioni. Kwanza wanampa mama jaribio. Jaribio hilo halimfukuzi mtu; linaonyesha kalasi yake tu. Kuna madaraja 6, na lile la chini kabisa limewekwa hata kwa asiyejua kusoma lugha yake mwenyewe. Mama aliyeachia shule mwaka wa tatu wa msingi asiogope. Ila asikubali mtu amnong'oneze majibu, maana atawekwa juu, hataelewa kitu, na baada ya majuma mawili atabaki nyumbani.

Wanaoanza hufundishwa mambo ya kila siku: jina, anwani, namba, bei, viungo vya mwili, kujaza fomu. Tarehe inataka macho. Kwetu 3/4 ni tarehe 3 mwezi wa nne. Kule ni tarehe 4 mwezi wa tatu. Mama asiyejua hilo anakosa siku ya muganga, ao anaandika vibaya siku ya kuzaliwa ya mtoto, na kusahihisha karatasi ni kazi ndefu.

Kiingereza chenyewe kina mitego kwa msemaji wa Kiswahili. Sisi tuna «yeye» mmoja kwa mume na mke. Wao wana «he» kwa mwanaume na «she» kwa mwanamke. Mama anasimulia habari za mume wake, na wasikilizaji wanadhani ni shangazi. Tena sisi twafunga neno kwa vokali, tunasema «buku». Wao wanakata kwenye k, «book». Na herufi zao hazisemi kweli: «knife», kisu, inaandikwa na k ambayo hakuna anayeitamka. Aliyesoma Kifaransa atasaidiwa na maneno mengi, lakini «library» si «librairie». Si duka, ni nyumba ya kuazima vitabu bure, na nyingi kati ya hizo zina pia masomo ya Kiingereza. Mama aliyekosa nafasi koleji aulize huko.

Kwa maoni yetu, mama asianze na kitabu kinene cha sarufi. Achukue kaye, aandike sentensi 10 za maisha yake mwenyewe: mtoto wangu ana homa, leo natoka kazini saa ngapi, sielewi, sema polepole. Asiyejua kuandika azishike kwa mdomo. Mtoto wake anaweza kumsahihisha robo saa kila jioni. Kazi hiyo inamfaa mtoto, na wote wawili watacheka.

Kizuizi kikubwa si akili, ni saa. Wengi wanafanya kazi ya usiku na wana wadogo wa kulinda. Koleji nyingine zina mahali pa kuwalinda watoto wakati wa somo, nyingine hazina. Basi dada akipiga simu Jumapili hii, tumwulize: koleji ya karibu iko wapi, somo lipo saa ngapi, watoto wanabaki na nani? Masomo mengi huanza mwezi wa nane ao wa tisa, kisha tena mwezi wa kwanza.