Tope Lina Uhai, Wananchi Wana Haki ya Kuambiwa

Mficha maradhi, walinena wahenga, kifo humuumbua. Mto Athi hupokea maji ya mto Nairobi, yakiwemo yatokayo katika mabwawa ya majitaka ya Dandora yaliyoko Ruai, kisha huyapeleka katika Kaunti ya Machakos ambako wakulima humwagilia mboga. Je, mkulima huyo huambiwa lini, na kwa lugha gani, kama maji hayo yametakasika?

Ifahamike kwamba kazi kubwa ya kutakasa majitaka hufanywa na bakteria walio ndani ya tope. Tope likifa, mto nao hufa. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30, kwa kila lita, za oksijeni inayohitajiwa na vijidudu ili kuuozesha uchafu uliosalia. Kipimo hicho ni chema, ila majibu yake hungojewa siku 5. Kufikia hapo, maji yamekwisha kunyweshwa sukuma wiki.

Hata hivyo, tope lenyewe laweza kuhojiwa. Katika matangi yanayopulizwa hewa, sampuli ya tope hujazwa oksijeni, hewa ikakatwa, kisha oksijeni ikatazamwa inavyopungua dakika baada ya dakika. Bakteria wenye afya huivuta upesi. Waliodhurika, kwa mfano kwa kromiamu ya viwanda vya ngozi, huivuta kwa unyonge. Katika tope la chini ya mabwawa, lisilo na hewa, hupimwa gesi ya methani. Kipimo hiki huchukua muda zaidi, lakini nacho hufichua udhaifu mapema kabla bwawa halijalemewa.

Wapo watakaodai kuwa hayo ni mambo ya maabara na kwamba Kiingereza chatosha. Dai hili halina mashiko. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi katika kifungu cha 7. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari, na cha 42 haki ya mazingira safi. Istilahi nazo si ngeni: TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990.

Hivyo basi, vipimo vya tope vifanywe mara kwa mara, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili kando ya mto. Wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa sayansi katika kazi hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.