Ini Lina Mafuta, Umeanza Kunywa Lini?

Najua wengi mlitegemea tuendelee na mjadala wa mahari, lakini mwezi huu naomba tuongelee ini. Ndiyo, ini. Linavunja mahusiano ya watu kimyakimya.

Inakuwa hivi: mtu anaishi na homa ya ini C kwa miaka bila kujua. Siku anapimwa, altrasaundi inaonyesha ini limejaa mafuta. Akifika nyumbani na majibu, mwenzake anadakia: "Kumbe unakunywa kwa siri!" Rafiki yangu mmoja, dada mwembamba ambaye bia anaionea kwenye matangazo, nusura uchumba wake ufe kwa maneno hayo.

Sibishi, pombe na unene vinaleta mafuta kwenye ini. Ila kwa mwenye homa ya ini C kuna mengine. Kirusi chenyewe kina aina kadhaa, na ile ya 3 inajaza ini mafuta hata kama mtu hajawahi kugusa glasi. Halafu kuna kitu unachozaliwa nacho. Mwaka 2008 watafiti wa Dallas, Marekani, wakiwemo Helen Hobbs na Jonathan Cohen, walionyesha kuwa badiliko la herufi moja tu kwenye jeni iitwayo PNPLA3 linaendana na mafuta mengi kwenye ini. Protini ya jeni hiyo iliyobadilika inang'ang'ania juu ya matone ya mafuta na kuzuia yasivunjwe. Miaka mitatu baadaye ikaonekana kwa wagonjwa wa homa ya ini C pia: waliorithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama, ini lao huwa na mafuta zaidi na makovu zaidi. Kwa Wamarekani weusi halikuwa la kawaida sana kama kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, lakini lilikuwepo.

Sasa shemeji yangu, hapo utamlaumu nani? Mama mkwe?

Na wale wanaotaka majibu haya yawe ushahidi wa kuchepuka, poleni. Kirusi hiki hupita zaidi kwenye damu: sindano, wembe, vifaa vya hospitali visivyochemshwa vizuri. Kwa ngono ni mara chache. Kula sahani moja na kubusiana, endeleeni tu.

Habari njema ni kwamba vidonge vya siku hizi vinaponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, kwa kawaida ndani ya wiki 8 hadi 12. Ila kirusi kikiondoka, jeni inabaki. Aliyepona bado inabidi aangalie uzito, aachane na pombe, na kama ini lilishapata makovu makubwa, aendelee na kliniki.

Chanjo ya C haipo, kwa hiyo nendeni mkapime wote wawili. Kipimo cha kwanza kikisoma kuwa unayo, subiri cha pili kabla ya kumpigia simu mtu yeyote. Cha kwanza kinaonyesha tu kwamba kirusi kiliwahi kuingia, na wapo ambao miili yao ilishakitimua yenyewe.