Mbiu ya mgambo sasa yalia mfukoni

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Pembe haikupulizwa ovyo zama zile. Ilipolia, mkulima aliweka jembe chini na mvuvi akauacha wavu wake, kwa maana kila mmoja alijua kuna msiba, kuna vita, ama kuna mnyama mkali aliyeingia mjini. Nguvu ya pembe haikuwa katika ukubwa wa sauti yake. Ilikuwa katika imani ya watu kwamba haisemi upuuzi.

Juma hili, mpenzi msomaji, tuitazame mbiu ya siku hizi, na tuitazamie mjini Voi na katika Kaunti nzima ya Taita Taveta. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu huko watu 340,671. Si wengi kwa kaunti kubwa kama ile, lakini wametawanyika. Wako wanaoishi juu milimani Wundanyi, wako wa Mwatate na Voi, wako wa Sagalla na Kasigau, na wako wa mpakani Taveta. Katikati yao imelala Tsavo, iliyotengwa kuwa hifadhi ya wanyama mwaka 1948, nayo imechukua zaidi ya nusu ya ardhi yote ya kaunti. Mwenyekiti wa chama cha akina mama anayetaka kuwaita wanachama wake 60 kutoka Mbololo, Maungu na Kasigau, akisema ampigie kila mmoja simu, jua litamchwea na salio litamwishia.

Hapo ndipo zinapoingia arafa za jumla, yaani ujumbe mfupi mmoja unaotumwa kwa watu wengi kwa mpigo mmoja. Shule huzitumia, makanisa na misikiti, vyama vya akiba na mikopo, hospitali, wenye maduka na wanasiasa.

Kazi yenyewe si ngumu. Anayetaka kutuma hufungua akaunti katika tovuti ya kampuni inayouza huduma hiyo, akalipia kwa M-Pesa, akapakia orodha ya nambari za simu, akauandika ujumbe mara moja tu, kisha akachagua saa ya kuutuma. Kampuni hiyo huukabidhi ujumbe kwa mitambo ya wenye mitandao kama Safaricom na Airtel, nayo huusambaza. Simu iliyozimwa haisahauliwi papo hapo. Mtambo huuhifadhi ujumbe na kujaribu tena na tena, mpaka muda uliowekwa upite. Baadaye mtumaji huletewa ripoti inayoonyesha ni nambari zipi zilizopata na zipi hazikupata.

Uzuri mkubwa wa arafa ni kwamba anayeipokea hahitaji intaneti. Nyanya aliye kijijini na simu yake ya mulika mwizi huipata sawasawa na mwanawe wa Nairobi mwenye simu ya bei ghali. Makundi ya WhatsApp yana raha yake, lakini yanataka data, na tangazo la maana huzama upesi chini ya picha, vichekesho na salamu za asubuhi.

Jambo la kuchekesha ni kwamba arafa ya kwanza kabisa duniani nayo ilitoka kwenye kompyuta. Tarehe 3 Desemba 1992, huko Uingereza, mhandisi Neil Papworth alimtumia Richard Jarvis wa kampuni ya Vodafone salamu za Krismasi. Simu ya Jarvis iliweza kuupokea ujumbe, lakini simu za wakati ule hazikuwa na njia ya kuandika jibu. Hivyo mbiu hii ilizaliwa ikiwa na mdomo, haina masikio. Mpaka leo, kama tutakavyoona, tabia hiyo haijaiacha kabisa.

Sisi Wakenya tulijifunza nguvu za arafa kwa njia chungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jumbe za chuki zilipita kutoka simu hadi simu zikiwachochea watu wawavamie majirani zao. Serikali ikafikiria kuizima huduma nzima ya arafa. Michael Joseph, aliyekuwa mkuu wa Safaricom wakati huo, alishauri njia nyingine, na kampuni hiyo ikawatumia wateja wake wapatao milioni 9 ujumbe wa amani na utulivu. Mwaka 2012, kabla ya uchaguzi uliofuata, tume ya mawasiliano ilitoa kanuni kuhusu arafa za jumla za kisiasa, ili maneno yakaguliwe kabla hayajatumwa. Chombo kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni nani alikishika na alitaka kusema nini.

Sasa tuje kwenye mambo ya nyumbani, tukianza na mfuko. Bei ya arafa moja ya jumla aghalabu haifiki shilingi moja. Shule yenye wazazi 400 basi inaweza kuwaita wote kwa pesa zisizozidi shilingi 400, ambazo hazitoshi hata nauli za kumtuma mtu kuzunguka vijijini. Lakini bei hiyo ni ya arafa moja yenye herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ukifikisha herufi 161, unalipia arafa mbili.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hasa waandishi wa Kiswahili. Maneno kama ng'ombe na ng'ambo yana ritifaa. Ile ritifaa iliyosimama wima, ya kwenye kibodi, haina shida. Lakini ukiandika ujumbe wako kwanza katika programu ya kuandikia barua kwenye kompyuta, programu hiyo huibadilisha ritifaa ikawa ya kupinda kama mkia wa koma. Alama hiyo haimo katika alfabeti ya kawaida ya arafa. Mtambo hulazimika kutumia alfabeti nyingine, na nafasi hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliopaswa kuwa arafa moja huwa tatu, na wazazi wale 400 hulipiwa arafa 1,200, kwa sababu ya ng'ombe mmoja! Vile vikatuni vya nyuso zinazocheka hufanya vivyo hivyo. Wanafunzi mnaowasaidia walimu wenu kuandika matangazo, lishikeni hilo.

Ufupi unawezekana. Tazama mfano huu: "Wazazi wa Gredi ya 6: mkutano ni Jumamosi hii saa tatu asubuhi, shuleni. Njoo na kitabu cha ripoti. Ukiwa na swali, mpigie mwalimu mkuu." Hapo pana herufi 136, na ipo nafasi ya kuongeza nambari ya simu. Nambari hiyo ni ya lazima. Arafa hizi mara nyingi hufika zikiwa na jina la mtumaji, lisilozidi herufi 11, mahali pa nambari, na jina hilo haliwezi kujibiwa. Mzazi akiandika jibu, halifiki popote. Ndiyo ile tabia ya mwaka 1992, ya mdomo usio na masikio.

Baada ya mfuko kuna heshima. Orodha ya nambari ni kama ghala la nafaka, usipolipepeta huota wadudu. Watu hubadilisha laini. Isitoshe, laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hutwaliwa na kampuni ya simu na kuuzwa kwa mtu mwingine. Basi fikiria shule inayotuma arafa ikitaja jina la mtoto, darasa lake na deni la karo, kwa orodha iliyoandikwa miaka mitano iliyopita. Mgeni wa Taveta asiyemjua mtoto huyo atasoma aibu ya nyumba isiyomhusu, na mzazi mwenyewe hatapata habari mpaka mtoto arudishwe nyumbani. Aliyeumia hapo ni mtoto.

Sheria nayo ipo. Tangu mwaka 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na ofisi ya kamishna inayoisimamia. Nambari ya simu ya mtu ni mali yake. Aliyeiacha kwenye daftari la wageni la hoteli au langoni mwa jengo hakuitoa ili auziwe viatu wala aombewe kura. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya zaidi ya shilingi milioni 2.9, kwa kuchukua nambari za watu na kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Mwenye chama au duka asijidanganye kwamba orodha aliyoinunua mjini ni yake kwa kuwa ameilipia.

Upo mfano mwema wa kuiga. Kati ya mwaka 2007 na 2010, watafiti walifanya kazi katika kliniki za Nairobi na Kajiado na wagonjwa waliokuwa wakianza dawa za virusi vya Ukimwi. Kila juma mgonjwa alipokea arafa ya neno moja, "Mambo?" Alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" kabla ya saa 48 kupita. Aliyejibu "Shida", na pia aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Miongoni mwa waliotumiwa arafa, asilimia 62 walizimeza dawa zao ipasavyo, ilhali kwa wasiotumiwa ilikuwa asilimia 50. Arafa ile haikutaja ugonjwa, kwa hiyo hata jirani akiisoma hakuna siri iliyovuja. Tena ilikuwa na masikio, kwa kuwa upande wa pili alikuwapo binadamu aliyengoja jibu.

Turudi Taita Taveta, kwenye jambo ambalo si la shilingi wala la aibu, bali ni la uhai. Mkulima wa Sagalla, nje kidogo ya mji wa Voi, hulala sikio moja likiwa macho. Ndovu wa Tsavo hutoka usiku, na shamba la mahindi la msimu mzima huweza kuisha kabla jogoo hajawika. Watu wamepoteza maisha pia. Shirika la Save the Elephants limewasaidia wakulima wa huko kuzungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa ndovu, kwa ukubwa wake wote, humwogopa nyuki. Shirika hilo hilo, katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia, liliwahi kumvalisha ndovu aitwaye Kimani ukosi wenye laini ya simu. Kila Kimani alipouvuka mpaka uliowekwa kuelekea mashambani, ukosi ulituma arafa, na askari wa wanyama wakatoka kumrudisha.

Hebu sasa fikiria arafa kama hiyo ikiingia katika simu za wakulima 80 kwa mpigo mmoja, saa tatu usiku, kwamba ndovu 6 wameonekana wakishuka na kwamba watoto wasitoke nje. Teknolojia ipo na gharama haifiki shilingi 80. Lakini je, itasomwa? Simu hiyo hiyo tangu asubuhi imeita mara tano. Mara ya kwanza ilikuwa kamari, ya pili mkopo, ya tatu bahati nasibu, ya nne mwanasiasa akimtakia mwenye simu sikukuu njema, na ya tano duka ambalo hajawahi kuliingia. Ilipoita mara ya sita, mkulima aliigeuza kifudifudi juu ya meza, akalala.

Huo ndio msiba wenyewe. Mbiu ikilia kila saa bila jambo, siku ya jambo haitasikika. Wengine huchoka hata wakazifunga arafa za matangazo kwa zile tarakimu ziandikwazo mwishoni, nao wana haki kufanya hivyo. Lakini chama kilichosajili arafa zake katika fungu la matangazo hakitawafikia tena watu hao, hata kikiwa na habari ya kuokoa maisha. Kila anayetuma upuuzi basi hajidhuru peke yake. Anakula imani ambayo jirani yake angeihitaji usiku wa hatari.

Kwa hiyo, kabla hujabonyeza, jiulize maswali matatu. Je, jambo hili linamhusu kila aliyemo katika orodha? Je, nambari hizi nilipewa na wenyewe, kwa ajili hii? Na mtu akiwa na shida, atampata nani? Likikosekana jibu moja, acha kwanza.

Na tusiwasahau wasiofikiwa. Wapo wazee wasiosoma, wapo walio katika mabonde ambayo milima imeyakinga na mtandao, na wapo waliozima simu kuhifadhi betri. Mwanafunzi uliye nyumbani likizo, arafa ya maana ikifika, msomee babu yako, kisha vuka ua umwambie jirani. Zama za pembe, aliyeisikia alimpasha aliye mbali. Desturi hiyo haina bei na haihitaji salio.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.