Uvumilivu wa Mama Usiwe Kisingizio Chetu



Kila kigango cha Kibondo na Kasulu kina mama ambaye jina lake halihitaji kutajwa hapa, maana msomaji amekwisha kumtaja moyoni. Aliwafundisha watoto Ishara ya Msalaba kabla hawajajua kusoma. Alifagia kanisa kila Jumamosi, akalima mihogo na maharage, akawasomesha wanawe kwa jembe la mkono. Kisha ugonjwa ukaingia nyumbani mwake, ukakaa miaka. Alipofariki tulijaza uwanja. Risala ikasomwa, na ndani yake yakawamo maneno yale yale tuliyoyazoea: marehemu alikuwa mvumilivu.

Maneno hayo ni ya kweli. Tunachopinga ni matumizi yake, maana tumeyafanya pazia la kufichia uzembe wetu. Mama alivumilia maumivu, naam. Je, alipaswa kuvumilia pia kukosa nauli ya kufika Hospitali ya Kabanga? Alipaswa kukaa miezi bila Komunyo kwa kuwa hakuna aliyemwarifu padre? Alipaswa kumwona binti yake akiachishwa shule ili amwuguze peke yake, wakati kaka zake wakitoa pole kwa maneno? Ugonjwa ulitoka mwilini mwake, lakini hayo mengine yalitoka kwetu. Tusiite msalaba kile ambacho kwa jina lake halisi ni dhambi ya kutotimiza wajibu.

Watakuwapo watakaosema: sisi ni maskini, tungefanya nini? Umaskini wetu ni wa kweli, wala hatuudharau. Lakini siku ya maziko ng'ombe alipatikana, turubai likapatikana, na michango ikaandikwa daftarini jina kwa jina. Kwa nini daftari hilo halikufunguliwa alipokuwa hai? Tena nyanda hizi ndizo zilizowapokea wakimbizi wa Burundi mwaka 1993, wakimbizi wa Kongo huko Nyarugusu mwaka 1996, na Warundi tena mwaka 2015. Watu waliompa mgeni nafasi katika ardhi yao hawawezi kudai kwamba hawana nafasi kwa mama aliyewazaa.

Bwana wetu hakulifumbia macho jambo hili. Katika sura ya saba ya Injili ya Marko anawakemea wale waliotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani sadaka kwa Mungu, wapate kukwepa kumtunza baba na mama. Sadaka inayotolewa kwa kumnyima mzazi haimpendezi Mungu. Na katika sura ya tano tunamwona mwanamke aliyeugua miaka kumi na miwili, akamaliza mali yake yote kwa waganga. Yesu, ingawa alikuwa njiani kwenda nyumbani kwa mkubwa wa sinagogi, alisimama kwa ajili yake na kumwita binti.

Kanisa nalo limesema wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wanaokata roho tu. Wakati wake umekwisha fika mwamini anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Mwaka 1992 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliweka Siku ya Wagonjwa Duniani, inayoadhimishwa tarehe 11 Februari tangu 1993. Siku moja kwa mwaka haitoshi iwapo siku nyingine zote mlango wa mgonjwa haubishwi hodi.

Haki inaidai Serikali pia. Mwaka 1993 ilianza kuwachangisha wananchi gharama za matibabu katika hospitali zake. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwapa msamaha wazee wasiojiweza na wenye magonjwa ya kudumu. Mwaka 2023 ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Lakini msamaha ulioandikwa karatasini haumfikii mama asiyeweza kutembea hadi ofisi ya mtendaji wa kijiji. Na mwenye saratani anayetumwa Ocean Road, Dar es Salaam, ana safari ya zaidi ya kilomita elfu moja mbele yake. Viongozi waulizwe juu ya hayo, na waulizwe na sisi.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zote zitekeleze haya:

1. Kila jumuiya iwe na orodha ya wagonjwa wa muda mrefu, nayo isomwe katika kila mkutano.

2. Mfuko wa msiba uwe pia mfuko wa ugonjwa. Nauli ya hospitali itangulie turubai.

3. Wanaume na vijana wapangiwe zamu za kuteka maji, kukata kuni na kumbeba mgonjwa, ili binti arudi shuleni.

4. Mwenyekiti au katekista amwarifu padre mapema, wala asingoje pumzi ya mwisho.

5. Mjumbe mmoja afuatilie barua ya msamaha kwa mtendaji mpaka ipatikane.

Mama zetu waliotangulia tuwaombee Misa, kama ilivyo desturi yetu njema. Lakini katika vijiji vyetu wapo wengine ambao jioni hii wamelala wakisikiliza kama kuna hatua za mtu njiani. Tuwaendee wiki hii.